Mahekalu saba Kyoto kwa siku moja? Mkuu, futa hiyo ratiba

Mkuu, futa hiyo ratiba. Ifute sasa hivi kabla hujamaliza kusoma, maana ukifika mwisho utakuwa umeshaanza kujitetea kama nilivyojitetea mimi.

Nimelisoma swali lako mara mbili nikahisi nililiandika mwenyewe miaka ile. Kwa wanaoingia kwenye uzi sasa hivi: jamaa anatua Osaka mwezi wa 11 kwa mambo yake ya magari, ana siku moja haina kazi, kaamua kwenda Kyoto. Mahekalu saba. Ryoan-ji, lile lenye bustani ya mawe, kalitengea dakika 20 saa sita mchana "ili nitulize akili kidogo". Mwongoza watalii mmoja wa mtandaoni kamhakikishia hakuna shida, inawezekana kabisa. Sasa anauliza avae viatu gani, abebe pesa taslimu au kadi, chakula cha halali atakipata wapi, stendi ya kamera inaruhusiwa au hairuhusiwi, na ile tiketi ya basi ya siku nzima inauzwa wapi.

Dakika 20. Saa sita mchana. Mwezi wa 11, msimu ambao majani yanageuka mekundu na nusu ya Japani iko barabarani kuyatazama. Mkuu, kama ni kutulia kwa namna hiyo okoa nauli: nenda Kariakoo siku mbili kabla ya Idi, geuza ndoo, kaa katikati ya Mtaa wa Msimbazi, fumba macho.

Sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na huyo mwongoza watalii wako, kwa sababu nina hakika ni pacha wa wangu.

Nisameheni, hili litakuwa gazeti.

Mimi nilikuwa Kobe kwa mafunzo ya miezi michache, posho ya kuhesabu. Kabla ya kurudi Bongo nilibakiwa na siku moja huru, na siku hiyo ilikuwa na agizo. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi mwashi Pangani. Bloku na saruji alizijua, lakini sifa yake ilikuwa kwenye zile kazi za zamani: kuchoma chokaa ya matumbawe, kukandika udongo kwenye fito, kuziponya nyumba za mawe ambazo fundi wa siku hizi akiziegemea tu zinamwaga kifusi. Kabla sijasafiri nilimsomea kwenye simu habari za Ryoan-ji. Mawe hakuyajali hata kidogo. "Mawe kumi na tano juu ya changarawe? Hapo nje kwangu yapo zaidi, na hakuna anayelipa kiingilio." Ila nilipofika kwenye ukuta unaoizunguka bustani akaweka kikombe chini. Palisema ni ukuta wa udongo uliochemshwa kwa mafuta, na kwamba miaka ilivyopita yale mafuta yakajitokeza nje yakachora michoro yenyewe, bila mkono wa mtu.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Udongo ukiutia mafuta haushiki, mjomba. Huyo aliyeandika ama hajui udongo ama hajui mafuta." (Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba wote wawili, msichanganyikiwe.) "Sasa wewe ukifika, utazame. Tazama chini unapoanzia. Tazama paa lake limetokeza kiasi gani. Halafu tazama ile michirizi inashuka au inasambaa. Ikishuka, hiyo ni mvua tu, umedanganywa. Ikisambaa, basi ni mafuta kweli na mimi nitakuwa nimejifunza kitu uzeeni. Usiniletee picha ya mawe."

Agizo gani jepesi kuliko hilo? Kutazama ukuta. Hata mbuzi anatazama ukuta.

Sasa sikia nilivyoliharibu. Nikakuta tangazo: mahekalu saba, siku moja, Kiingereza safi, yeni 24,000. Nikapiga hesabu za kimachinga, kila hekalu yeni elfu tatu na ushee, nikaona nimepata bei ya jumla. Yaani nilihesabu mahekalu kama mashati ya mtumba kwenye belo. Jina la huyo bwana silitaji, na hata nikitaka, sina hakika kama alilonipa lilikuwa lake.

Tukaanza Fushimi Inari, ambalo si hekalu la Kibudha hata kidogo, ni la Kishinto, kwa hiyo saba zilishakuwa sita kabla sijanywa chai. Sanjusangen-do kuna sanamu 1,001 za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, zimepangwa kwenye ukumbi wa urefu wa mita kama 120. Tulipewa dakika 20. Ni sekunde moja na chenji kwa kila sanamu, ukipiga chafya umekosa nne. Kiyomizu-dera niliona migongo ya watu, migongo mizuri, sina malalamiko. Nanzen-ji tulionyeshwa kwa kidole. Ginkaku-ji tulikimbia. Kisha basi namba 204 kutoka mashariki ya mji hadi magharibi, nimesimama, nimeshika bomba, begi la mtu liko usoni kwangu. Kinkaku-ji, jengo lenyewe la dhahabu, alituambia lilichomwa moto na mtawa kijana mwaka 1950 likajengwa upya 1955, na hilo ndilo jambo la kweli pekee nililolipata kwa huyo mtu siku nzima.

Ryoan-ji tulifika saa tisa na nusu alasiri. Mlangoni akatazama saa yake akasema: "Hapa dakika kumi zinatosha. Hamna kitu, ni changarawe tu."

Nikavua viatu. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, kidole gumba kikatoka kusalimia Japani. Nikaingia.

Mbele ya ile bustani kuna baraza la mbao. Naliita baraza kwa sababu ndivyo lilivyo: refu, liko chini ya upenu, limejengwa watu wakae. Mswahili gani anafika barazani kwa watu asikae? Mimi. Mimi nilifika barazani nikabaki wima, simu juu, kwa sababu mwongozaji alitupa "shindano". Mawe ni 15, yamegawanywa makundi matano, ukianzia kushoto ni matano, mawili, matatu, mawili, matatu. Popote utakapokaa kwenye lile baraza huwezi kuyaona yote kwa mara moja, angalau moja linajificha nyuma ya mwenzake. "Atakayeyapata yote 15 kwenye picha moja ni bingwa," akasema. Basi nikaanza. Nikaenda kulia, nikaenda kushoto, nikanyoosha mkono juu, nikasimama kwa ncha za vidole. Aliyekuwa ameketi akinitazama aliona mtu anayetafuta mtandao wa simu shambani. Kulikuwa na wazee wa Kijapani wamekaa kimya pale chini, na leo nikikumbuka nilivyowavuka vichwani natamani sakafu ile inimeze kwa kuchelewa.

Katikati ya mchezo huo nikakumbuka agizo. Nikamwuliza: na ule ukuta, ni wa nini? Hakugeuka hata shingo. "Saruji ya zamani hiyo."

Nikaridhika. Hapo ndipo pananiuma. Nilikuwa mita kumi hivi kutoka kwenye ukuta, nina macho mawili mazima, nimetumwa na fundi mwenye miaka zaidi ya arobaini kwenye udongo, nikaamua kuuliza mtu aliyekuwa anatazama saa.

Jioni kwenye treni ya kurudi Kobe nikampigia.

"Vipi ukuta?"

"Saruji, mjomba. Mwenyeji kaniambia ni saruji ya zamani."

Akanyamaza. Mtu wa kuongea yule, simu ikawa kimya mpaka nikadhani vocha imeisha. "Kumbe saruji," akasema. "Haya. Safari njema."

Shangazi ndiye aliyenisimulia baadaye. Kumbe kwa wiki nyingi alikuwa akiwasimulia wazee wenzake barazani habari za Wajapani waliochemsha udongo kwa mafuta. Walibishana wee, mwingine anasema labda ni mafuta ya samaki kama yale yanayopakwa majahazi, mwingine anasema labda udongo ulikaangwa kwanza, mwingine anasema uongo mtupu. Uzee wao ulipata kazi. Baada ya simu yangu alikwenda akawaambia: wazee, nilidanganywa nami nikawadanganya, ule ukuta ni saruji. Mada ikafungwa. Masika iliyofuata alifariki, kabla sijapata likizo ya kwenda Pangani.

Miezi kadhaa baada ya msiba nilikuwa natoa koti la baridi kwenye sanduku, nikakuta mfukoni ile karatasi wanayokupa na tiketi hekaluni. Imekunjwa, haijawahi kufunguliwa. Kiingereza chepesi kabisa. Ukuta ni wa udongo uliochemshwa kwa mafuta, na mafuta yaliyojitokeza ndiyo yaliyofanya ile michoro. Nilikuwa nayo mfukoni kwenye treni, mkuu. Nilikuwa nimeikalia wakati namwambia saruji.

Saruji! Saruji hii tunayoijua ya mfuko ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824. Hekalu lile lilianzishwa na bwana mkubwa wa kisamurai, Hosokawa Katsumoto, mwaka 1450, likaungua kwenye vita vya Onin, vile vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoiteketeza Kyoto, mwanawe akalijenga tena mwaka 1488. Wasomi mpaka leo wanavutana nani hasa alipanga yale mawe, lini, na yana maana gani, wengine wanaona visiwa baharini, wengine chui milia anavusha watoto mtoni. Hicho kinabishaniwa. Ukuta haubishaniwi, umeandikwa kwenye karatasi ya kiingilio! Mtu anayekula kwa kuongoza watalii pale, kila siku anapokea karatasi ile ile, anakosaje kuisoma hata mara moja? Halafu angesema tu "sijui". Neno dogo hilo, halina kodi. Niliwahi kuwaza kumtafuta nimrushie maneno, nikakumbuka kwamba uongo wake ulisafiri hadi Pangani kwa mdomo wangu, nikakaa chini. Najua kosa ni langu pia, msianze kunikumbusha kwenye majibu, nimeshajikumbusha ya kutosha.

Na video je? Ninayo. Dakika 11. Dakika tisa ni kofia nyekundu ya mama mmoja. Kofia ile naijua kuliko ninavyoyajua mawe. Ukuta umeingia kwa sekunde kama tatu hivi, umepinda, wakati naishusha simu.

Kanuni yangu basi ni moja, nimeinunua kwa bei mbaya nakupa bure: hekalu moja, saa mbili asubuhi mlango unapofunguliwa, na makalio yatangulie simu. Moja. Usiniambie "basi manne". Nikisema moja nasema moja.

Najuaje? Nilirudi. Miaka mitatu baadaye kazi ilinipeleka Osaka, nikaomba siku. Safari hii nililala Kyoto usiku wa kuamkia siku hiyo ili nisianze siku kwa kukimbizana na treni. Asubuhi nikapanda kile kitreni cha mtaani cha Randen hadi kituo cha Ryoanji, ukishuka hapo unatembea kama dakika saba, nikawa getini kabla ya saa mbili. Mwezi wa 12, wa kwanza na wa pili wanafungua saa mbili na nusu, lakini wewe unakwenda wa 11, kwa hiyo saa mbili kamili. Tulikuwa watu kama kumi na wawili. Hakuna aliyeongea.

Nikakaa. Na nikwambie ukweli, dakika 20 za kwanza sikuona kitu. Miguu ilikuwa inaganda kwenye mbao, nikawa nawaza kama nimefunga mlango wa chumba, nikawaza deni la mtu, nikawaza hivi yule jamaa wa ofisini aliposema "sawa" alikuwa na maana gani. Dakika 20, mkuu, hizo hizo ulizojitengea kutuliza akili, mimi zote ziliishia kwenye mlango wa hoteli. Ungekuwa wewe ungeinuka hapo, ukavaa viatu, ukaenda kusimulia watu kwamba Ryoan-ji ni changarawe.

Baada ya hapo sijui hasa nini kinatokea, kichwa kinachoka kujisemesha. Nikaanza kuona vitu vilivyokuwapo muda wote. Kwamba changarawe imekwaruzwa kwa reki mistari iliyonyooka, ila ikifika kwenye mawe inayazunguka kama maji yanavyozunguka mtumbwi. Kwamba hakuna mmea humo ndani isipokuwa kuvumwani za kijani chini ya mawe. Kwamba pale padogo sana, mita kama 25 kwa 10, wengi wetu tuna viwanja vikubwa kuliko hivyo na tumevijaza matofali tunayosubiri kujengea tangu enzi za Mkapa. Kivuli cha ukuta kilikuwa kinarudi nyuma polepole juu ya changarawe, na nilikitazama kama mtu anayetazama mpira.

Na mawe nikayahesabu, nisikudanganye. Kumi na manne. Nikasogea kidogo, kumi na manne mengine. Wenyeji wanasema 15 ni hesabu iliyotimia, kama mbalamwezi ya usiku wa kumi na tano. Nikacheka peke yangu, maana kwetu bibi harusi akipendeza huambiwa kama mwezi wa kumi na nne. Kwa hesabu ya Pangani bustani ile haijapungukiwa na kitu.

Halafu ukuta. Nikautazama kama nilivyoagizwa, kwa mpangilio wake.

Ni mfupi, kama kimo cha mtu. Paa lake si vigae, ni vibao vyembamba vya mti vimebanwa tabaka kwa tabaka, kwa mbali ungedhani makuti ya fundi mzuri sana. Zamani liliwekwa vigae, miaka ya 1970 wakalirudisha kwenye vibao kama lilivyokuwa mwanzo. Limetokeza mbele vya kutosha, mjomba angelisifu. Ule wa magharibi unashuka taratibu kadiri unavyokwenda mbali na baraza, ili jicho lidhani bustani ni ndefu zaidi. Ujanja huo angeupenda kuliko vyote, alikuwa na tabia ya kusema fundi asiyejua kudanganya jicho akalime. Na michirizi: juu, chini ya upenu, kuna inayoshuka, hiyo ni mvua kweli. Lakini katikati ya ukuta kuna mabaka ya kahawia na ya kijivu, hayana juu wala chini, yametanda pande zote kama mafuta ya nazi kwenye karatasi iliyofungiwa vitumbua.

Yamesambaa.

Nilikaa pale mpaka saa tatu na nusu. Kuna muda sikuwa natazama tena bustani, na kama kuna mtu alinipiga picha akanirusha mtandaoni na maelezo ya "Mwafrika azama kwenye taamuli ya Zen" (Zen ndiyo madhehebu ya Kibudha ya hekalu lile), mjue nilikuwa nalia kwa ajili ya saruji.

Wanafunzi wa shule walipoingia nikainuka. Katoto kamoja kalikuwa kanahesabu mawe kwa sauti, kakafika kumi na nne, kakamgeukia mwenzake kama vile ndiye aliyeiba la kumi na tano.

Usitoke kwa mlango ulioingilia. Zunguka baraza uende upande wa nyuma wa nyumba, kwa sababu huko kuna kitu ambacho mara ya kwanza sikujua hata kama kipo. Ni jiwe la kunawia, la mviringo, limechongwa tundu la mraba katikati, maji yanaingia taratibu. Liko chini makusudi, lazima uchuchumae ulifikie. Mimi lilinikumbusha birika la kutawadhia kwenye misikiti yetu ya zamani, lile unaloinama upende usipende. Pembeni mwa ule mraba kuna alama nne za maandishi, na kila moja peke yake haijakamilika, haitoi neno lililokusudiwa. Ukiichukua pamoja na ule mraba wa maji wa katikati ndipo inakuwa neno kamili. Yote manne yakisomwa pamoja yanasema kitu kama: ninachojua ni kutosheka tu. Inasemekana jiwe la asili lilitolewa na Tokugawa Mitsukuni, bwana mkubwa wa kisamurai wa karne ya 17; hilo unaloliona ni nakala yake. Sasa fikiria mtu aliyenunua mahekalu saba kwa bei ya jumla anapita hatua chache kutoka kwenye jiwe hilo akikimbilia basi. Mimi huyo.

Na ile nyumba yenyewe unayokalia baraza lake, ya awali iliungua mwaka 1797. Wakachukua nyumba nyingine iliyojengwa mwaka 1606 kwenye hekalu dogo la jirani, wakaihamishia pale. Nyumba ya mbao, inafunguliwa na kufungwa upya kama kitanda cha kamba. Hilo nalo mjomba angelinisumbua nalo wiki nzima.

Nje kuna ziwa lililochimbwa karne ya 12, kabla hata ya hekalu, wakati eneo lile lilikuwa la ukoo wa Tokudaiji. Lizunguke ukitoka, miguu irudishe damu. Sina mengi ya kusema juu yake, ni zuri, kuna bata.

Haya, maswali yako. Viatu: visivyo na kamba, utavua. Ila swali la maana ni soksi. Nene, zisizo na tundu, nimeshakueleza kwa nini. Pesa: beba taslimu, kiingilio ni kama yeni 600. Tiketi ya basi ya siku nzima uliyoisoma mahali imefutwa tangu mwaka 2024, iliyobaki ni ile ya basi na treni ya chini kwa pamoja, yeni 1,100, lakini kwa hekalu moja huihitaji, ndiyo faida nyingine ya kunisikiliza. Chakula: ndani ya uwanja wa hekalu kuna nyumba wanauza tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ya kuchemsha, unakula umekaa chini ukitazama miti. Si pilau, usitegemee pilau, lakini angalau tofu si nyama, kilichobaki uliza wenyewe kimeungwa na nini. Kuhusu dini, kuna mdau hapo juu kauliza kama Mwislamu au Mkristo anazuiwa: hakuna aliyeniuliza kitu, na hakuna aliyenilazimisha kufanya ibada yoyote. Nilikaa tu. Mengine uliyouliza nimesahau na sipandi juu tena kusoma.

Ukisema "lakini nimeshalipia ziara", mwombe arudishe pesa. Asiporudisha, mwachie. Mimi yeni 24,000 zile sizililii kabisa.

Jambo la mwisho, nina ombi. Siku ile nilipiga picha nane za ukuta, baada ya kukaa, nikamtumia kijana aliyekuwa fundi saidia wa mjomba. Sasa ndiye fundi mwenyewe, kazi za chokaa pale Pangani anaitwa yeye. Alikaa nazo siku mbili kimya. Kisha akajibu: "Kaka, ndani nimeuona. Na upande wa nje unakopigwa na mvua moja kwa moja, uko vipi?"

Sikuwa nimewaza upande wa nje. Basi wewe ukifika na kama kuna njia ya kupita huko nyuma ya ukuta, nipigie picha. Kaa kwanza, halafu upige.